Kabla na Baada ya Penisilini: Historia ya Peptidi za Bakteria, 1925–2015

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa sekondari viuavijasumu vilianzia wapi, atakutajia London, mwaka 1928, sahani ya maabara iliyoachwa mezani, na Alexander Fleming aliyerudi kutoka likizo akakuta kuvu imewaua bakteria waliokuwa karibu nayo. Mimi pia nilifundishwa hivyo, nikaandika hivyo katika mtihani, nikapata alama nzuri. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini imezoeleka mno hata imeziba habari nyingine, nayo inamwachia msomaji mawazo mawili ambayo mimi siyakubali: kwamba dawa hizi zilipatikana kwa bahati, na kwamba zilitoka kwa kuvu.

Katika insha hii nitafuata njia nyingine. Bakteria wamekuwa wakiuana wao kwa wao tangu zamani sana, na mojawapo ya silaha zao ni peptidi. Hoja yangu ni kwamba historia ya peptidi hizi inaeleza mambo mawili ambayo historia ya penisilini haiyaelezi vizuri. La kwanza ni jinsi watu walivyojifunza kutafuta dawa kwa mpango badala ya kungoja bahati. La pili ni kwa nini dawa iliyowekwa kando kwa sababu ya sumu yake inaweza kurudi baada ya miaka mingi ikawa tegemeo la mwisho la mgonjwa.

Kwanza neno lenyewe. Tuchukue asidi amino kuwa shanga. Shanga nyingi zikitungwa pamoja, mamia kwa mamia, tunapata protini. Zikitungwa chache, kumi au kumi na tano au thelathini, tunapata peptidi. Viumbe hujenga protini zao kwa aina 20 za shanga za kawaida, na karibu zote zina umbo la upande mmoja, upande ambao wanakemia huuita wa kushoto, mithili ya duka lenye viatu vya mguu wa kushoto peke yake. Bakteria wanaotengeneza peptidi za kuua hawaishiki sana desturi hiyo. Huchanganya kushoto na kulia, huingiza shanga zisizokuwemo katika zile 20, huufunga uzi ukawa duara, wengine huupachika mkia wa mafuta. Ugeni huo uliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi, na tutaukuta tena mbele.

Mwaka 1925, huko Ubelgiji, André Gratia alitangaza kwamba aina moja ya bakteria Escherichia coli, aliyoipa herufi V, inatoa kitu kinachozuia aina nyingine ya bakteria hao hao wasikue. Sisi Warundi tunaikumbuka Ubelgiji ya mwaka 1925 kwa sheria iliyoiunganisha Ruanda-Urundi na utawala wa Kongo. Gratia hayumo katika vitabu vyetu, na hata katika vitabu vya wenzetu hatajwi sana. Mwaka 1946 yeye na Pierre Fredericq walikipa kitu hicho na vinavyofanana nacho jina la kolisini, na mwaka 1953 François Jacob, André Lwoff na wenzao wa Paris wakapendekeza jina pana zaidi, bakteriosini. Kolisini nyingi ni protini kubwa, si peptidi kwa maana kali ya neno, ingawa ile V ya kwanza ni ndogo na siku hizi huwekwa katika kundi la peptidi. Nimemtaja Gratia kwa sababu ya jambo moja. Bakteria wake hakuwa anamuua mgeni. Alikuwa anamuua jamaa yake wa karibu kabisa. Anayekula chakula kile kile mahali pale pale ndiye mshindani wa kweli. Kanuni hiyo tutamwona mtu mwingine akiifikia kwa njia tofauti kabisa, huko Moscow.

Mlango wa pili ulifunguliwa na watu wa jibini, na waliufungua wakilalamika. Ili kutengeneza jibini hutiwa katika maziwa chachu yenye bakteria wanaoyachachisha. Mara nyingine chachu hiyo inagoma: maziwa hayachachuki, kazi ya siku nzima inapotea. Mwaka 1928 L. A. Rogers wa Marekani aliandika kwamba baadhi ya bakteria wa maziwa wanazuia wenzao kukua, na mwaka 1933 H. R. Whitehead wa New Zealand akaonyesha kwamba kinachozuia ni kitu chenye asili ya protini. Kwa wenye viwanda hiyo ilikuwa hasara ya kuepukwa, basi. Ni A. T. R. Mattick na A. Hirsch, waliofanya kazi karibu na Reading, Uingereza, waliogeuza swali katika miaka ya 1940. Ikiwa kitu hiki kinawaua bakteria, kwa nini kisitumike kuwaua bakteria tusiowataka? Mwaka 1947 walikwisha kukiita nisini. Herufi ya kwanza ya jina hilo ilitokana na kundi N, kundi walimopangwa bakteria hao wa maziwa kwa wakati ule.

Walitarajia dawa ya binadamu, hawakuipata. Nisini haiyeyuki vizuri katika hali ya damu, na vimeng'enya vya tumbo huikatakata kama nyama ya kawaida. Mimi naona hapa ndipo historia hii inapopendeza, kwani kasoro ile ile iliyoifukuza hospitalini iliiingiza jikoni. Kitu kinachosagwa tumboni kama chakula kinaweza kutiwa ndani ya chakula. Mwaka 1951 Hirsch na wenzake walionyesha kwamba nisini inazuia bakteria wa jamii ya Clostridium wanaoivimbisha na kuipasua jibini. Mwaka 1969 kamati ya pamoja ya FAO na WHO iliikubali kuwa kihifadhi cha chakula, Marekani ikaikubali mwaka 1988, na Ulaya imeiandika kwa namba E234. Bakteria anayeitengeneza, Lactococcus lactis, ni mmojawapo wa wakazi wa kawaida wa maziwa ya mgando. Sisemi kwamba bibi zetu waligundua nisini ndani ya kibuyu. Si kila Lactococcus anaitoa, na kuhisi faida ya jambo ni tofauti na kulichunguza. Ila inafaa kukumbuka kwamba hata wenye viwanda walianza na maziwa yaliyochachuka, sawa na sisi.

Umbo la nisini lilichelewa kujulikana. Erhard Gross na John Morell walilikamilisha Marekani mwaka 1971: shanga 34, zenye pete tano zilizofungwa kwa madaraja ya salfa. Katika pete hizo mna asidi amino isiyo ya kawaida iitwayo lantionini.

Sasa nifike kwa mtu ambaye kwangu ndiye kiini cha insha hii. René Dubos alizaliwa Ufaransa mwaka 1901. Alikwenda Marekani mwaka 1924, akasoma elimu ya vijidudu vya udongo chini ya Selman Waksman huko Rutgers, akamaliza shahada ya uzamivu mwaka 1927, kisha akaajiriwa katika Taasisi ya Rockefeller, New York, maabara ya Oswald Avery. Avery alikuwa akipambana na bakteria wa homa ya mapafu, ambao aina yao ya tatu huvaa koti la sukari linalowakinga dhidi ya ulinzi wa mwili. Alitaka kitu cha kulivua koti hilo. Dubos alifikiri kama mtu wa udongo. Kila kitu kilichokuwa hai hatimaye huoza, alisema moyoni. Kama kingekuwepo kitu kimoja kisichoozeshwa na chochote, leo kingekuwa kimelundikana kama mlima. Koti la sukari la bakteria halijalundikana mahali popote. Basi udongoni yuko anayelila.

Alitafuta, akampata katika udongo wa kinamasi huko New Jersey, kulikolimwa matunda madogo mekundu ya porini. Mwaka 1930 yeye na Avery walitangaza kimeng'enya kinacholiyeyusha koti na kuwaokoa panya waliopewa ugonjwa. Kimeng'enya hicho hakikuwa dawa ya kuenezwa, na dawa za salfa zilizokuja katika miaka ya 1930 zilikipita. Lakini Dubos alikwisha kupata njia. Ikiwa udongo unaweza kutoa anayelila koti, unaweza pia kutoa anayemla bakteria mzima.

Jaribio lake lilikuwa la kijijini kwa wepesi wake. Aliweka udongo katika chombo, akaulisha bakteria hai wa majipu na jamaa zao, akaulisha tena na tena, akangoja. Wakazi wa udongo wasioweza kula chakula hicho walipungua, na anayeweza akaongezeka. Aliyebaki akitawala alikuwa Bacillus brevis. Mwaka 1939 Dubos alitangaza kwamba bakteria huyo anatoa kitu kinachowaua bakteria wengi wa kundi liitwalo chanya, na akakiita tirothrisini. Akishirikiana na Rollin Hotchkiss aligundua kwamba kitu hicho ni mchanganyiko wa peptidi za aina mbili: tirosidini, iliyo sehemu kubwa zaidi, na gramisidini, iliyopewa jina kwa kumkumbuka Gram, Mdenmaki aliyebuni rangi ya kuwapambanua bakteria mwaka 1884.

Angalia tarehe. Mwaka 1939 penisilini ilikuwa imelala kwa miaka kama 11 tangu Fleming aione. Howard Florey na Ernst Chain, huko Oxford, ndipo kwanza walipokuwa wakianza kuishughulikia kwa dhati. Sidai kwamba bila Dubos penisilini isingepatikana, maana wao walikuwa na safari yao. Ila Dubos alionyesha, mbele ya ulimwengu wa tiba, kwamba kiumbe cha udongoni kinaweza kutoa dawa safi yenye nguvu kubwa kwa kiasi kidogo, na kwamba kiumbe hicho kinaweza kutafutwa makusudi. Mwalimu wake Waksman alilielewa somo mara moja. Alianza kuchambua udongo kwa utaratibu, na maabara yake ikatoa streptomisini mwaka 1943, dawa ya kwanza ya aina hiyo kufaa dhidi ya kifua kikuu. Waksman alipata tuzo ya Nobel mwaka 1952. Fleming, Florey na Chain walikuwa wameipata mwaka 1945. Dubos hakuipata.

Sababu moja ni sumu. Gramisidini na tirosidini zikiingia katika damu hupasua chembe nyekundu, kwa hiyo zilibaki kuwa dawa za kupaka juu ya vidonda na kutumia mahali ambapo hazitafika katika mishipa. Wanafunzi wenzangu, tulipojadili habari hii, walisema basi hiyo ni dawa iliyoshindwa. Nakataa. Kama kipimo ni idadi ya wagonjwa, penisilini inashinda na hakuna ubishi. Kama kipimo ni njia iliyoachiwa wengine, karne nzima ya kuchimbua udongo imetoka katika chombo kile cha Dubos. Zaidi ya hayo, mwaka 1942, wakati penisilini ilikuwa inawafikia wagonjwa wachache sana, yeye alikuwa tayari anaonya kwamba bakteria watajenga usugu dhidi ya dawa hizi. Mwaka huo huo mke wake alifariki kwa kifua kikuu, naye akauacha utafutaji wa dawa akageukia uchunguzi wa ugonjwa huo.

Wakati huo, upande wa pili wa dunia, kulikuwa na mtu ambaye alifika udongoni kwa sababu nyingine. Georgy Gause alikuwa Mrusi kijana aliyesomea ikolojia. Mwaka 1934, akiwa hajatimiza miaka 24, alichapisha huko Baltimore kitabu kuhusu mapambano ya viumbe ya kuishi. Alikuwa ameweka aina mbili za viumbe vidogo viitwavyo Paramecium katika chombo kimoja chenye chakula kile kile, na akaona moja inastawi na nyingine inatoweka. Wanafunzi wa biolojia bado wanaisoma kanuni hiyo kwa jina lake. Wengi hawajui alichofanya baadaye. Vita vilipoingia nchini mwake, Gause na mkewe Maria Brazhnikova waliugeuza ule ushindani wa viumbe kuwa chanzo cha dawa. Walichunguza bakteria wengi wa udongo, na mwaka 1942 wakampata Bacillus brevis wao, anayetoa peptidi iliyofanana na ya Dubos lakini si ile. Waliiita gramisidini S, herufi ya kusimamia neno la Kisovieti. Ilitumiwa kusafishia majeraha ya askari katika hospitali za jeshi, na mwaka 1944 habari zake zilichapishwa Uingereza katika jarida la Nature.

Nikisoma habari za vita hivyo huwa nakutana na vifaru na mikutano ya wakubwa. Sikuwahi kufikiri kwamba katikati ya mapigano peptidi ingesafirishwa. Mwaka 1944 Wasovieti walituma gramisidini S Uingereza kupitia Msalaba Mwekundu ili wanakemia wa huko wasaidie kulijua umbo lake. Ilimfikia Richard Synge, aliyekuwa katika Taasisi ya Lister, London. Synge na Archer Martin walikuwa wamebuni namna ya kutenganisha asidi amino, na mwaka 1944 Martin, R. Consden na A. H. Gordon waliirahisisha njia hiyo hata ikahitaji karatasi tu: unaweka tone la mchanganyiko pembeni mwa karatasi, unaacha kimiminika kipande polepole, kila asidi amino inafika mahali pake, kisha unapuliza dawa ya rangi. Nyingi hutoa doa la zambarau. Prolini hutoa la njano.

Walivyoitumia ni kama mtu anayetaka kujua mpangilio wa shanga katika mkufu bila kuuona. Ukizitawanya zote utajua ni shanga gani zilizomo, lakini hutajua ipi ilifuata ipi. Basi unaukata mkufu ovyo ovyo katika vipande vya shanga mbili mbili na tatu tatu, unavisoma vipande, halafu unaangalia vinavyopishana. Mwaka 1947 Consden, Gordon, Martin na Synge walitangaza mpangilio: valini, ornitini, leusini, fenilalanini, prolini, kisha tena valini. Fenilalanini ilikuwa ya upande wa kulia, na ornitini haimo katika zile shanga 20. Mwisho wa mkufu uko wapi? Frederick Sanger alikuwa ameutafuta mwaka 1946 kwa njia yake ya kutia alama kwenye ncha, akakuta ncha ya kawaida haipo. Alama ilishika kwenye ubavu wa ornitini tu. Mkufu ni duara. Baadaye ilithibitika kwamba mzunguko ule wa shanga tano unajirudia mara mbili, shanga 10 kwa jumla.

Hayo yalitokea kabla Sanger hajakamilisha mpangilio wa insulini, kazi iliyomletea tuzo ya Nobel mwaka 1958. Martin na Synge walipata yao mwaka 1952 kwa ile njia ya kutenganisha. Wanahistoria wa kemia husema elimu ya kusoma protini ilianza na insulini. Insulini ilikuwa hatua kubwa kweli, lakini mkono ulizoezwa kwanza kwa peptidi ya bakteria wa udongo wa Urusi. Niongeze jambo dogo ambalo limewachekesha wenzangu darasani: huko Oxford, katika maabara ya Dorothy Hodgkin, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne aliyeitwa Margaret Roberts alipewa gramisidini S aichunguze kwa mionzi ya eksirei mwaka 1946 na 1947. Hakufika mbali, na si ajabu, maana umbo kamili la fuwele halikupatikana mpaka mwaka 1978. Mwaka uliofuata yeye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, kwa jina la Thatcher.

Swali lililobaki lilikuwa gumu kuliko la mpangilio. Bakteria anaitengenezaje? Katika miaka ya 1950 na 1960 wanasayansi walielewa kwamba protini hujengwa na ribosomu, ikisoma maagizo ya jeni herufi kwa herufi. Ribosomu haina namna ya kusoma shanga ya kulia wala ornitini. Aliyelishughulikia swali hili alikuwa Fritz Lipmann, Myahudi aliyekimbia Ulaya, naye alikuwa na deni la zamani: mwaka 1941, pamoja na Hotchkiss na Dubos, alikuwa ameonyesha kwamba gramisidini na tirosidini zina asidi amino za upande wa kulia. Zaidi ya miaka 20 baadaye, akiwa na tuzo yake ya Nobel tayari, alirudi kwenye peptidi zile zile. Yeye na wenzake walionyesha kwamba gramisidini S na tirosidini hutengenezwa bila ribosomu kabisa. Ipo mitambo mikubwa ya vimeng'enya. Kila kituo cha mtambo kina kazi yake, hiki hushika valini, kile huigeuza fenilalanini kutoka kushoto kwenda kulia, kingine huunganisha, cha mwisho hufunga duara. Mpangilio wa vituo ndio mpangilio wa peptidi.

Wengine wakadhani basi peptidi zote za ajabu za bakteria huundwa hivyo, na nisini pamoja nazo. Hapana. Mwaka 1988 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walipata jeni ya epidermini, jamaa ya nisini, wakaona kwamba peptidi hiyo hutoka kwenye ribosomu kama protini yoyote, kwa shanga za kawaida, kisha vimeng'enya vingine huja kuifanyia marekebisho na kuifunga pete. Kwa hiyo bakteria wamefikia ugeni ule ule kwa njia mbili zisizohusiana: mmoja hutumia kiwanda kisichofuata kanuni, mwingine hufuata kanuni halafu hubadilisha kilichotoka. Hata namna ya kuua inatofautiana. Gramisidini A, yenye shanga 15 za kushoto na kulia kwa kupokezana, hujisokota ikawa bomba. Mabomba mawili yakishikana ncha kwa ncha hutoboa utando wa bakteria, na chumvi zake zinavuja. Gramisidini S huuvuruga utando wenyewe. Nisini hushika kwanza tofali ambalo bakteria hulitumia kujengea ukuta wake, kisha hutoboa.

Basitrasini nitaipitia haraka. Ilitoka kwa bakteria aliyekutwa mwaka 1943 katika jeraha la msichana mdogo wa New York aliyevunjika mguu, na jina lake limeunganisha neno Bacillus na jina la ukoo wa msichana huyo, Tracy. Balbina Johnson na Frank Meleney walioichunguza walishangaa kwamba bakteria wa majipu waliokuwa katika jeraha walitoweka kwenye chombo alimokuwemo huyo mwingine. Inadhuru figo, kwa hiyo hukaa zaidi katika marhamu na poda za vidonda, ambamo ipo hata leo.

Figo ndizo zilizoamua pia hatima ya polimiksini. Mwaka 1947 makundi matatu, mawili ya Marekani na moja la Uingereza, yalitangaza karibu kwa pamoja peptidi kutoka kwa Bacillus polymyxa na jamaa yake. Mwaka 1950 Koyama na wenzake wa Japani walitangaza kolistini, ambayo baadaye ilijulikana kuwa ni polimiksini E. Ina shanga 10, saba katika pete na tatu katika shina, na kwenye ncha mkia wa mafuta. Ina chaji chanya nyingi. Bakteria wa kundi hasi wana utando wa nje wenye chaji hasi, ulioshikwa pamoja na madini ya magnesi na kalsi. Kolistini huyasukuma madini hayo, hukaa mahali pake, na mkia wake huingia katika utando na kuuvuruga. Ndiyo maana inawaua wale wale ambao gramisidini na nisini haziwawezi vizuri.

Ilitumika hospitalini tangu mwisho wa miaka ya 1950. Katika miaka ya 1970 madaktari waliiacha, kwa kuwa iliharibu figo na kusumbua neva, na dawa mpya zenye sumu ndogo zilikuwa zimejaa. Hapakuwa na kosa katika uamuzi huo. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa mahali pengine. Dawa iliyoachwa na wanadamu iliendelea kupewa mifugo, nguruwe na kuku hasa, kutibu kuhara na katika nchi nyingine kuwanenepesha. Kilichoonekana hakifai kwa mtu kilionekana cha bei nafuu kwa mnyama, na hakuna aliyeona sababu ya kukilinda. Kisha katika miaka ya 1990 na 2000 bakteria kama Klebsiella na Acinetobacter wakaanza kuzishinda dawa zote nyingine, hata karbapenemu. Wauguzi na madaktari waliorithi vitabu vya zamani waliifungua tena kolistini. Mgonjwa aliyelazwa katika chumba cha mahututi alichaguliwa kati ya figo zake na uhai wake. Shirika la Afya Duniani lilipozipanga dawa katika makundi mwaka 2017, kolistini iliwekwa katika kundi la akiba.

Miezi ya mwisho ya mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni waliyoiita mcr-1, waliyoikuta katika E. coli wa nguruwe, wa nyama ya madukani na wa wagonjwa. Jeni hiyo hubadilisha chaji ya utando wa bakteria, na kolistini haipati tena pa kushika. Usugu dhidi ya kolistini ulikuwa umeonekana kabla ya hapo, lakini ulikuwa wa bakteria mmoja mmoja na uzao wake. Huu mpya ulikuwa juu ya plazimidi, kipande cha DNA ambacho bakteria humpa mwenzake kama mtu anayepitisha barua. Katika muda wa miezi nchi nyingi zilifungua makabati yao ya sampuli na kuikuta, Afrika Kusini, Misri na Algeria zikiwemo. China ilipiga marufuku kolistini katika chakula cha kukuzia mifugo mwaka 2017.

Wachina nao walirudi kwenye majokofu yao ya zamani, wakapima bakteria wa kuku waliohifadhiwa kwa miongo kadhaa. Wachache kati yao, wa miaka ya 1980, walikuwa tayari na mcr-1. Hicho ndicho kipindi ambacho hospitali zilikuwa zimeiweka kolistini kabatini na vitabu vya tiba vikiizungumzia kama jambo lililopita.